Indeksi ya h ni 21 au 16? Namna ya kusoma rekodi ya machapisho ya mtafiti wa biolojia ya seli

Mjumbe wa Kamati aliuliza:

Wanajukwaa, salaam. Mimi ni mwanakemia, na nimeteuliwa kuwa mjumbe wa kamati inayopitia maombi ya kupandishwa cheo. Katika mafaili niliyokabidhiwa limo moja la mtafiti wa biolojia ya seli ambalo limenitoa jasho kuliko mengine yote. Kwa kuwa fani hiyo si yangu, naomba mnisaidie kulisoma kwa haki, nisije nikamwonea mtu wala kumpa asichostahili.

Faili lenyewe liko hivi. Mtafiti ana makala 38 zilizochapishwa katika kipindi cha miaka 16. Katika makala 6 yeye ni mwandishi wa kwanza, katika 9 ni mwandishi wa mwisho, na katika zilizobaki jina lake limekaa katikati. Makala 5 kati ya hizo ni za mapitio, yaani zinazofupisha utafiti uliokwisha kufanywa. Wasifu wake wa Google Scholar unaonyesha kwamba kazi zake zimerejelewa mara 3,400 na kwamba indeksi yake ya h, yaani kipimo kimoja kinachounganisha wingi wa makala na marejeo yake, ni 21, lakini nilipomtafuta katika Scopus, hifadhidata nyingine ya machapisho, nilikuta indeksi ya 16. Zaidi ya theluthi moja ya marejeo hayo, yaani 1,310, yanatokana na makala moja tu, ambayo ni mwongozo wa pamoja wa mbinu za maabara uliosainiwa na mamia ya waandishi. Jambo jingine ni kwamba mara baada ya kuanzisha maabara yake mwenyewe alikaa karibu miaka 4 akiwa ametoa makala 2 pekee.

Wajumbe wenzangu wamegawanyika. Mmoja anasema indeksi ya 16 ni ndogo, na anatoa mfano wa mwombaji mwingine wa fani ya kinga ya mwili ambaye ana 30 kwa umri uleule wa kazi. Mwingine anasema mjadala hauna haja, kwa sababu mtafiti wetu ana makala moja katika jarida kubwa lenye kipimo cha athari cha juu (wastani wa marejeo ya makala za jarida), na hilo peke yake linatosha. Mimi sijaridhika na hoja ya yeyote kati yao, ila sina maneno ya kuwajibu.

Naomba kujua mambo matatu. Je, nishike indeksi ipi kati ya hizo mbili? Ule mwongozo wenye mamia ya waandishi niuhesabu vipi? Na pengo la miaka 4 linaashiria uvivu, au lina maelezo yake katika fani hii?

Mwanahadubini alijibu:

Ndugu Mjumbe, umefanya vyema kuuliza kabla ya kupiga kura, maana nimewahi kuona mafaili ya namna hii yakimalizwa kwa dakika tano. Mimi niko katika biolojia ya seli kwa miaka mingi, na nitaanza na jambo ambalo kwenu wanakemia linaweza kuwa tofauti kidogo, nalo ni mpangilio wa majina.

Katika fani yetu nafasi ya jina kwenye makala ina maana nzito. Mwandishi wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya majaribio kwa mikono yake, na mara nyingi huwa ni mwanafunzi wa uzamivu au mtafiti aliyemaliza uzamivu karibuni. Mwandishi wa mwisho ndiye mwenye maabara, aliyebuni swali, akatafuta fedha na kubeba dhamana ya matokeo. Walio katikati wanaweza kuwa wamefanya kazi kubwa sana au wametoa kimeng'enya kimoja kutoka kwenye friji yao, na kwa kutazama orodha tu huwezi kujua ni kipi kati ya hivyo viwili. Siku hizi majarida mengi huweka taarifa fupi mwishoni inayoeleza nani alifanya nini. Isome taarifa hiyo kwa kila makala ambayo jina lake limo katikati, kwa kuwa ni kazi ya jioni moja na itakufumbua macho. Vilevile zitenganishe zile 6 za mwandishi wa kwanza na zile 9 za mwandishi wa mwisho, kisha uzipange kwa miaka. Ukiona za kwanza zinakoma na za mwisho zinaanza kujitokeza, umeona mtu akitoka katika kivuli cha mwalimu wake na kusimama peke yake. Hilo ndilo kamati ya kupandisha cheo inapaswa kulitafuta, na hakuna indeksi inayolionyesha.

Kuhusu ule mwongozo, kwanza elewa kwamba katika biolojia makala za mbinu hurejelewa kuliko ugunduzi wenyewe. Makala iliyorejelewa zaidi katika historia ya sayansi ni ya Oliver Lowry na wenzake, ya mwaka 1951, inayoeleza namna ya kupima kiasi cha protini. Jarida la Nature lilipochapisha orodha ya makala 100 zilizorejelewa zaidi, mwaka 2014, hiyo ilikuwa imevuka marejeo 300,000. Ya pili ilikuwa ya Ulrich Laemmli ya mwaka 1970, yenye njia ya kutenganisha protini kwenye jeli ambayo kila maabara ya seli huitumia, na ya tatu ilikuwa ya Marion Bradford ya mwaka 1976, nayo pia ya kupima protini. Lowry mwenyewe alikiri kwamba haikuwa kazi yake kubwa, ingawa umaarufu wake ulimfurahisha kimoyomoyo. Kwa hiyo marejeo mengi katika makala ya mbinu yanaeleza kwamba watu wengi wanaitumia, jambo ambalo ni jema, lakini ni jambo tofauti na kubadilisha uelewa wa namna seli inavyofanya kazi.

Miongozo yenye waandishi wengi ni hatua moja mbele zaidi. Katika uwanja wa otofaji, yaani mchakato ambao seli huutumia kumeng'enya sehemu zake yenyewe, kuna mwongozo ulioongozwa na Daniel Klionsky ambao toleo lake la mwaka 2016 lina waandishi zaidi ya 2,000. Ni waraka wenye manufaa makubwa, nami huufungua mara kwa mara, lakini huwezi kumpa kila mmoja wa watu hao 2,000 marejeo yote kana kwamba aliuandika peke yake. Ushauri wangu ni kuuweka kando kabisa, utaje katika ripoti kwamba upo, kisha ufanye hesabu upya ukiwa na makala zilizobaki.

Na sasa indeksi yenyewe. Ilipendekezwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, na hesabu yake ni nyepesi: unapanga makala kuanzia iliyorejelewa zaidi, unashuka ukihesabu, na unasimama pale ambapo namba ya makala inataka kuzidi idadi ya marejeo yake. Chukua mtafiti mwenye makala tano zilizorejelewa mara 900, 40, 12, 5 na 4. Indeksi yake ni 4. Chukua mwingine mwenye 6, 5, 5, 4 na 3. Naye indeksi yake ni 4. Yule wa kwanza ameandika makala ambayo fani nzima inaijua, na wa pili bado hajafika huko, lakini kipimo hiki kimewapa kiti kimoja. Tena indeksi hii haishuki kamwe, hata mtu akiacha utafiti na kwenda kulima, kwa hiyo inamfaa mkongwe na kumbana kijana.

Kuhusu hoja ya jarida kubwa, kwa leo nitatoa mfano mmoja tu. Yoshinori Ohsumi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2016 kwa kazi ya otofaji katika hamira. Makala yake na Miki Tsukada ya mwaka 1993, ambamo walizitambua hamira zilizoshindwa kufanya otofaji na hivyo kuufungua mlango wa jeni zinazohusika, ilitoka katika FEBS Letters, jarida la heshima lakini ambalo hakuna kamati ingelipigia vigelegele. Mjumbe wako wa pili angekuwa katika kamati ya Ohsumi mwaka 1994, sijui angesema nini.

Mkutubi wa Takwimu alijibu:

Salaam Ndugu Mjumbe. Mwanahadubini ameshughulikia upande wa maabara, nami nitajibu la 21 na 16, kwa sababu ndiyo kazi ninayoifanya kila siku.

Namba zote mbili ni sahihi, kila moja kwa mujibu wa daftari lake. Google Scholar huhesabu karibu kila kitu inachokikuta kwenye intaneti chenye sura ya kitaaluma: makala za majarida, tasnifu za wanafunzi, sura za vitabu, rasimu zilizowekwa wazi kabla ya kuhakikiwa, na wakati mwingine hata mihadhara. Scopus na Web of Science huhesabu marejeo yanayotoka katika machapisho yaliyochaguliwa kwa vigezo vyao, kwa hiyo hesabu zao kwa kawaida huwa ndogo. Katika biolojia ya seli jambo hili limeongezeka uzito tangu bioRxiv, tovuti ya kuweka wazi rasimu, ilipoanzishwa na Maabara ya Cold Spring Harbor mwaka 2013, kwa kuwa makala moja sasa inaweza kuwa na maisha mawili, rasimu na toleo lililochapishwa. Rasimu isipounganishwa vizuri na toleo lake, marejeo hugawanyika mafungu mawili, au kazi moja huhesabiwa kama mbili.

Kuna pia tatizo la majina. Scopus humpa kila mwandishi namba kwa kutumia programu, na programu hiyo huweza kumgawa mtu mmoja kuwa wawili akibadilisha taasisi, akiolewa na kuchukua jina jipya, au jarida likikosea mpangilio wa majina yake. Google Scholar nayo huweza kufanya kinyume chake na kumrundikia mtu makala za majina yanayofanana na lake. Nimewahi kumsaidia mtafiti mmoja ambaye wasifu wake ulikuwa na makala tatu za kilimo cha mahindi wakati yeye hajawahi kugusa mmea maishani, na alikuwa hajagundua kwa miaka miwili. Kwa hiyo kabla ya kujadili 21 au 16, fungua Scopus na utafute kama mwombaji wako ana wasifu wa pili uliopotea. Kama ana namba ya ORCID, kitambulisho cha mtafiti chenye tarakimu 16 kilichoanza kutolewa mwaka 2012, tumia orodha iliyomo humo kama msingi, kwa sababu aghalabu ndiyo orodha anayoisimamia mwenyewe, kisha ulinganishe makala moja moja.

Ukimaliza, chagua hifadhidata moja na uitumie kwa waombaji wote. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kamati kumpima mmoja kwa Google Scholar na mwingine kwa Scopus, kwa sababu kila mwombaji alileta namba iliyompendeza, na hapo ni sawa na kupima nguo moja kwa yadi na nyingine kwa mita.

Naomba niongeze neno juu ya kipimo cha athari cha jarida, kwa kuwa mjumbe wenu amekitaja. Kilitokana na kazi ya Eugene Garfield, na kilikusudiwa kupima majarida, tena kwa manufaa ya wakutubi kama mimi waliohitaji kuamua walipie lipi. Kwa mfano, kipimo cha mwaka 2024 hupatikana kwa kuchukua marejeo yaliyofanywa mwaka huo kwa vitu vilivyochapishwa na jarida mwaka 2022 na 2023, kisha kuyagawa kwa idadi ya makala za utafiti na mapitio za miaka hiyo miwili. Ni wastani, na wastani huu umeinamia upande mmoja sana. Nature yenyewe ilikiri mwaka 2005 kwamba asilimia 89 ya kipimo chake cha mwaka uliotangulia ilitokana na robo tu ya makala zake. Makala ya mwombaji wenu inaweza kuwa ndani ya robo hiyo au nje yake, na jina la jarida haliwezi kukuambia ni wapi.

Na ni watu wa fani hiihii ya biolojia ya seli waliolivalia njuga jambo hili. Azimio la San Francisco kuhusu Tathmini ya Utafiti, maarufu kama DORA, lilianzia katika mkutano wa mwaka wa Jumuiya ya Biolojia ya Seli ya Marekani mwezi Desemba 2012 na kutangazwa mwaka 2013, likitaka vipimo vya majarida visitumike kama mbadala wa kupima ubora wa makala moja moja wala mchango wa mwanasayansi mmoja mmoja. Angalia kama taasisi yenu imelisaini. Kama imelisaini, hoja ya mjumbe wenu wa pili inagongana na ahadi ya taasisi yake mwenyewe.

Mpenda Namba alijibu:

Ndugu zangu, nawaheshimu, lakini naona mnaelekea kuzitupa namba zote jalalani, na mimi naogopa kitakachobaki. Nimekaa katika kamati ambazo hazikutumia namba yoyote. Mle ndani aliyeshinda ni yule ambaye mwenyekiti alimfahamu, au aliyesomea maabara yenye jina, na hakuna aliyeweza kupinga kwa sababu hapakuwa na kitu cha kushika. Namba ina kasoro zake, ila haijui mjomba wa mtu.

Kwa hiyo nakushauri utumie namba iliyo bora kuliko indeksi ya h. Mfano ule wa mwombaji wa kinga ya mwili mwenye 30 hauna maana, si kwa sababu namba ni mbaya, bali kwa sababu fani hizo mbili hazirejeleani kwa kasi moja. Fani yenye watafiti wengi na makala zenye orodha ndefu za marejeo humzawadia kila aliyemo ndani yake. Kinachofaa ni kulinganisha kila makala na makala nyingine za uwanja uleule na mwaka uleule. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zina chombo cha bure kiitwacho iCite, kinachotoa uwiano wa aina hiyo kwa makala zilizomo katika PubMed, hifadhidata ya makala za tiba na biolojia. Uwiano wa 1.0 una maana kwamba makala imerejelewa kwa kiwango cha kawaida kikilinganishwa na makala zilizofadhiliwa na taasisi hizo katika uwanja huo, na 2.0 ni maradufu yake. Ingiza makala zote 37 zilizobaki baada ya kuondoa mwongozo, kisha tazama ni ngapi zimevuka 1.0, hasa zile ambazo yeye ni mwandishi wa mwisho.

Na hapo ndipo ninapotofautiana kidogo na Mwanahadubini. Mfano wa Ohsumi ni mzuri, lakini kwa kila Ohsumi mmoja kuna mamia ya watu ambao makala zao hazikurejelewa kwa sababu hazikuwa na la maana. Kutorejelewa si cheti cha kipaji kilichofichika.

Mjumbe wa Kamati aliandika tena:

Nawashukuru nyote, na ninakiri kwamba nimetumia siku nne nzima kufuata mliyoniambia. Naleta niliyoyakuta, kwa kuwa baadhi yamenishangaza.

Mkutubi alikuwa sahihi kuhusu Scopus. Nilikuta wasifu wa pili wenye makala 3 za mwanzo, za wakati akiwa mwanafunzi, ambapo herufi ya jina lake la kati ilikuwa imeachwa. Zilipounganishwa indeksi ya Scopus ilipanda hadi 18. Upande wa Google Scholar, niliondoa mwongozo na zile makala 5 za mapitio, ambazo peke yake zilikuwa na marejeo 780. Makala 32 za utafiti zilibaki na marejeo 1,310, kwa bahati ya ajabu sawasawa na yale ya mwongozo mmoja, na indeksi ikashuka kutoka 21 hadi 17. Kwa maneno mengine, kazi 6 kati ya 38 zilikuwa zimebeba zaidi ya nusu ya marejeo yote, huku zikiongeza indeksi kwa pointi 4 tu. Nilipoona hivyo niliacha kuiheshimu indeksi, lakini pia niliacha kuiogopa.

Kisha nilifanya jambo ambalo hakuna aliyeniagiza. Nilichukua makala yake ya utafiti iliyorejelewa zaidi, yenye marejeo 214, nikafungua makala 30 zilizoirejelea na kusoma sentensi yenyewe ambamo jina lake limetajwa. Katika makala 11 alikuwa ametajwa kwenye utangulizi ndani ya mabano pamoja na wengine watano au sita, kwa sentensi za aina ya "protini hii inajulikana kuhusika katika usafirishaji ndani ya seli". Katika 9 walikuwa wametumia nasaba ya seli (seli za asili moja zinazoendelea kukuzwa maabara) aliyoitengeneza, na wakamshukuru kwa kuwatumia. Katika 6 walijenga hoja yao juu ya matokeo yake, 3 zilitoka katika maabara yake mwenyewe, na moja ilimpinga kwa aya nzima.

Halafu nikachukua makala nyingine ambayo yeye ni mwandishi wa mwisho, yenye marejeo 23 pekee, ambayo nisingeitazama mara mbili. Hapo hali ilikuwa tofauti kabisa. Karibu kila aliyeitaja aliijadili. Maabara moja isiyo na uhusiano naye ilirudia jaribio lake kuu kwa aina nyingine ya seli na kupata jibu lilelile, na nyingine ilitumia kielelezo chake kueleza kwa nini matokeo yao ya zamani yalikuwa yamewachanganya. Katika iCite nayo imevuka 1.0, ingawa kwa kiasi kidogo.

Nina maswali mawili yaliyobaki. La kwanza ni lile la pengo la miaka 4, ambalo bado sijajibiwa. La pili ni jipya: mojawapo ya makala zake ina tangazo la marekebisho, linalosema kwamba picha moja ya bendi za protini, yaani mistari ya protini iliyotenganishwa kwenye jeli, iliwekwa kimakosa mara mbili na kwamba waandishi wenyewe waliliarifu jarida. Mjumbe mmoja ameliona na tayari ameanza kutumia neno "udanganyifu". Nimwambie nini?

Mwanahadubini alijibu:

Ndugu Mjumbe, hayo uliyoyafanya ya kusoma sentensi 30 ni kazi ambayo wengi wetu tulio ndani ya fani hatuifanyi, nami nimeona aibu kidogo kwamba sikukushauri mimi. Nakubali pia sahihisho la Mpenda Namba kuhusu Ohsumi.

Ile nasaba ya seli iliyotumiwa na makala 9 ndiyo inayojibu swali lako la pengo. Mtu anapofungua maabara mpya ya biolojia ya seli huanza na chumba kitupu na wanafunzi wasiojua kushika pipeti. Kutengeneza nasaba ya seli ambayo protini yake ya asili imewekewa alama inayong'aa maana yake ni kuhariri jeni, kutenga seli moja moja, kusubiri kila moja izae mamia, kuzipima zote, kutupa karibu zote, kisha kuthibitisha kwamba ile iliyobaki haijaharibika mahali pengine. Ikipata maambukizi ya mikoplazma, bakteria wadogo sana, katikati ya safari, ambayo hayaonekani kwa hadubini ya kawaida, unaanza upya. Baada ya hapo ndipo majaribio yenyewe yanapoanza, na baada ya majaribio ndipo wahakiki wa jarida wanapokuomba mengine matatu. Angalia tarehe ya kupokewa na tarehe ya kukubaliwa zilizochapishwa kwenye makala ya kwanza iliyotoka baada ya pengo hilo. Nisingeshangaa ukikuta zaidi ya mwaka mmoja kati yake. Ninachokisoma mimi katika miaka hiyo 4 ni mtu aliyekuwa anajenga chombo, na chombo hicho sasa kinatumiwa na maabara nyingine. Kama pengo lingefuatwa na ukimya zaidi ningekuwa na wasiwasi, lakini ana makala 9 za mwandishi wa mwisho, na ndani ya pengo zilitoka 2 pekee, kwa hiyo ni wazi lilifuatwa na nyingine.

Kuhusu marekebisho, mwambie mjumbe wako atofautishe mambo mawili. Kufutwa kwa makala maana yake matokeo hayawezi kuaminiwa tena, kama ilivyotokea kwa makala mbili za seli za STAP, zilizodaiwa kurudishwa katika hali ya seli shina, zilizotoka katika Nature mwezi Januari 2014 na kufutwa mwezi Julai mwaka uleule. Marekebisho maana yake kuna kosa lililosahihishwa na hitimisho limebaki. Mwaka 2002 jarida la Journal of Cell Biology lilianza kukagua picha za makala zote linazozikubali, na tangu hapo imefahamika kwamba picha kujirudia kwa bahati mbaya ni jambo linalotokea katika maabara zilizo makini pia, kwa sababu faili la bendi za protini za Jumatatu hufanana mno na la Jumanne. Kinachoangaliwa ni mambo haya: nani aliligundua kosa, je, picha halisi ilipatikana na kuwekwa mahali pake, na je, jambo hilo limejirudia katika makala nyingine za maabara hiyohiyo? Umesema waandishi waliripoti wenyewe. Pitia zile makala 9 za mwandishi wa mwisho uone kama kuna tangazo jingine. Likiwa ni hilo moja tu, neno "udanganyifu" lisiingie katika kumbukumbu za kikao, kwa kuwa likishaandikwa halifutiki kirahisi kama lilivyotamkwa.

Mkutubi wa Takwimu aliongeza:

Dogo moja kabla hujaandika ripoti yako. Kila namba utakayoiweka humo iandikie hifadhidata iliyotoka na tarehe uliyoichukua, kwa sababu zitakuwa zimebadilika kabla kikao chenu hakijakaa. Hiyo makala iliyompinga kwa aya nzima nayo itaje. Katika hesabu imeingia kama rejeo moja la kumpandisha, sawa na zile 29 nyingine, na mjumbe atakayeisoma baadaye bila kuelezwa anaweza kudhani uliificha.

Mjumbe wa Kamati alijibu:

Nimeipitia tena orodha ya zile 9, na hakuna tangazo jingine la marekebisho. Tarehe za ile makala ya kwanza baada ya pengo nazo nimeziona: ilipokewa mwezi Machi, ikakubaliwa mwezi Juni wa mwaka uliofuata. Aya ya kumpinga nimeinakili yote kwenye kiambatisho pamoja na jibu alilolitoa katika makala yake ya miaka miwili baadaye. Kikao ni Alhamisi.